Siku Moja ya Fundi Vinanda Ni Shilingi Ngapi

Bukoba, 12 Machi 1967

Mdogo wangu Karugendo,

Nakusalimu wewe na Celina na watoto, na Mama namsalimu mara mbili. Mwambie dawa yake ya macho nimeipata. Jumatano nitampa dereva wa basi la Biharamulo aiache Muleba, kwenye duka lile tunaloachia mizigo, kwa hiyo tuma mtu. Mimi mzima. Mvua kutoka ziwani inatuamsha kila alfajiri, na mjini hapa hakuna habari nyingine ila Azimio la Arusha. Hata anayeniuzia samaki ananieleza ujamaa kabla hajanipa chenji.

Sasa neno langu. Kodi ya mwaka jana na ya mwaka juzi, umelipa? Usiniulize kwa nini nauliza. Huu ni mwaka wa nne nakaa nyuma ya dirisha la kodi, na yako mambo ambayo karani haandiki katika barua ya nyumbani. Ulipokuwa karakana ya misheni walikukata kodi katika mshahara, wala hukuiona ikipita. Tangu utoke uanze kujitegemea na vinanda vyako, ni nani anayekukata?

Ninachoweza kukuambia ni kile kilichobandikwa ukutani kila mtu akisome. Atakayefika mwisho wa Desemba akiwa na deni la miaka miwili ataitwa barazani, na asipokuwa na fedha vitu vyake vitachukuliwa. Wewe mali yako ni kisanduku cha zana na nusu ya kibanja cha migomba na kahawa alichotuachia baba. Nijibu upesi.

Dada yako,
Theopista


Nshamba, 9 Aprili 1967

Dada Theopista,

Shikamoo. Dawa imefika, na Mama anasema sasa anaona hata vile tulivyokuwa tukimficha. Celina anakusalimu. Ephrasia ameingia darasa la nne na anatusahihisha Kiswahili sote nyumbani. Upepo umelaza migomba kumi na mmoja, lakini hatujakosa cha kupika.

Ngoja nikueleze nilichokiona wiki ya Pasaka. Parokia moja ng'ambo ya mto Ngono waliniita, kinanda chao cha kukanyaga kimekaa bubu miaka mitatu. Nikakifungua mgongo. Dada, humo ndani mna ndimi za shaba mia moja na ishirini na mbili, nyembamba mno, na hakuna hata mbili zinazosema sauti moja. Panya walikuwa wamekula ngozi ya mivukuto, na nyigu wamejenga udongo katika njia za pumzi. Nilipotoa ubao wa chini nikakuta mtu ameandika jina lake kwa penseli, na mwaka 1908. Ni yule aliyekitengeneza huko Ulaya, kabla baba hajaoa. Aliandika mahali ambapo hapafiki jicho la mtu isipokuwa fundi mwenzake. Nilivua kofia, ingawa nilikuwa peke yangu.

Siku ya tisa nikakanyaga, nikabonyeza sauti ya chini kabisa. Benchi lilitetemeka chini yangu. Mzee Rwegasira, mwalimu wao wa dini, alikuwa mlangoni. Akasema taratibu, "Mwanangu, humo mna watu." Kazi hii nimeifanya miaka kumi na minne, na bado mwili unanisisimka kila kinapovuta pumzi ya kwanza.

Wamenilipa vizuri. Siku tisa kwa shilingi saba, kama karakana ilivyokuwa ikinilipa, na juu yake mkungu wa ndizi, jogoo na kibuyu cha pombe ya rubisi. Tena wamesema baada ya mavuno watanipa vinanda vitatu vya makanisa yao madogo ya vigangoni.

Kuhusu lile deni la kodi usiwe na wasiwasi. Nalishughulikia.

Ndugu yako,
Karugendo


Bukoba, 20 Aprili 1967

Mdogo wangu,

Nimefurahi kwa Ephrasia. Mwambie katika barua yake aliyoambatisha ameandika "shangazi" vizuri kuliko unavyoandika wewe. Huku nyumbani kwangu pako salama, isipokuwa paa linavuja juu ya kitanda na nimehamia kulala upande wa mlangoni.

Habari ya kinanda nimeisoma mara tatu. Ile ya kodi nimeisoma mara moja, imetosha. "Nalishughulikia" ni neno ninaloambiwa dirishani mara ishirini kwa siku, na wanaolisema wote wanatazama chini. Najua na wewe ulitazama chini ulipoliandika.

Tena hizo shilingi saba. Karakana ilikupa saba mkononi, sikatai. Lakini gundi ilinunua nani? Ngozi je? Nauli ya kwenda kufanya kazi Kashozi ulilipa wewe? Mvua ikinyesha siku tatu ukakaa bure, walikupa saba zako au hawakukupa? Saba ile ilikuwa imeshatoka kwenye hesabu za mtu mwingine, ikiwa safi, imebaki ya kula tu. Wewe umeichukua vilevile ukaitia katika hesabu zako.

Fanya hivi. Chukua daftari la shule, kila siku andika mstari mmoja: umekwenda wapi, umepewa nini, umetoa nini. Siku usiyofanya kazi andika "hakuna". Ukifika mwisho wa Juni nitumie. Kama unakumbuka ya mwaka jana, niandikie na hayo.

Theopista


Nshamba, 25 Juni 1967

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Mama alishikwa na homa akalazwa hospitali ya Rubya siku sita. Hakutaka uambiwe, anasema ungeacha kazi ukaja. Sasa yuko mzima na anagombana na kuku kama kawaida. Celina naye mzima.

Daftari hili hapa, na nyuma yake nimeandika ya mwaka jana niliyoyakumbuka. Ephrasia ndiye aliyepiga mistari. Kuandika "hakuna" kumenitia aibu zaidi ya nilivyodhani. Sikujua kwamba ziko nyingi hivyo. Nilikuwa nikirudi nyumbani na jogoo mkononi, watoto wanashangilia, nami najiona mtu mwenye kazi tele.

Lakini nataka na wewe unielewe. Siku hizi kila mkutano tunaambiwa habari ya unyonyaji. Mtu anayepandisha bei ili ajaze mfuko wake ni mnyonyaji, na mimi vinanda hivi si vyangu, ni vya watu, wanamwimbia Mungu. Ninapofika wananipokea kama mtoto wao. Nakaribishwa ndani, natandikiwa mkeka, naletewa akamwani, nachukua buni zangu mbili natafuna, tunaulizana habari za wazee. Baada ya hapo ndipo wananiuliza, fundi, utataka kiasi gani? Dada, buni ya mtu ikiwa bado mdomoni, utatajaje fedha nyingi mbele ya uso wake? Nasema saba. Mwaka juzi pahali pamoja nilisema tano.

Ninachojua ni kwamba hatufi njaa. Kibanja kipo.

Karugendo


Bukoba, 3 Julai 1967

Karugendo,

La Mama nimelisikia, na mwambie siku nyingine akinificha nitakuja na kitanda changu kabisa. Nashukuru yuko mzima.

Nimekaa na daftari lako Jumamosi nzima. Nimelijumlisha mara nne kwa sababu sikuamini. Sasa kaa chini usome polepole.

Kwa mwaka mzima siku unazolipwa ni mia moja na kumi. Zilizobaki ni Jumapili na sikukuu, ni kusubiri basi, ni mvua, ni kusubiri ngozi zitoke Kampala, ni kutembea kwenda kuulizwa bei na kurudi bila kazi. Mia moja na kumi kwa saba ni shilingi mia saba na sabini. Nauli, mia moja na ishirini. Ngozi na gundi, mia moja na tisini. Waya, skrubu na vitambaa vya sufu, sitini. Zana zilizovunjika au kuisha makali, sabini. Leseni, arobaini. Kodi ambayo hujalipa, tisini. Umebakiwa na shilingi mia mbili.

Si za mwezi. Za mwaka. Celina na Mama na watoto wanne, mia mbili.

Basi nikageuza karatasi, nikaanzia chini kupanda juu. Niliandika kwanza kile ambacho nyumba yenu inahitaji baada ya ndizi na maharage yenu wenyewe: sare, chumvi, mafuta ya taa, hospitali, bati moja moja. Elfu moja na mia tano. Nikaongeza gharama zote za kazi, mia nne na arobaini. Leseni, arobaini. Kodi itapanda kwa kuwa mapato yamepanda, nikaweka mia mbili na ishirini. Jumla elfu mbili na mia mbili. Nikagawa kwa siku zako mia moja na kumi.

Ni shilingi ishirini. Siku yako moja ni shilingi ishirini, wala hapo hujapata faida yoyote, umeishi tu kama mtu. Niliiweka kalamu chini nikaitazama ile ishirini. Ndugu yangu, kwa miaka miwili na nusu umekuwa ukiyapa makanisa yote ya kwetu Ihangiro zawadi ya shilingi kumi na tatu kila siku uliyofanya kazi, na hakuna aliyejua, hata wewe mwenyewe.

Usiniletee habari ya unyonyaji. Mnyonyaji anakula jasho la mwingine. Wewe umeuza jasho lako chini ya lilivyokugharimu, na anayelipa tofauti yake ni Celina.

Swali moja limebaki. Kwa mia mbili hamkuweza kuishi. Mmeishi na nini?

Theopista


Nshamba, 30 Julai 1967

Dada yangu,

Shikamoo. Nyumbani wazima wote. Barua yako imekaa kwangu wiki tatu. Celina aliisoma kabla yangu, akaikunja, akaniwekea juu ya kisanduku cha zana.

Ishirini. Nimeizungukia namba hii kama mtu aliyeonyeshwa mlima nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Nimehesabu tena, nikaanzia upande wangu, ikatoka ileile. Naogopa, Dada, si kwa sababu ni kubwa. Naogopa kwa sababu ni kweli, na ilikuwepo siku zote nilipokuwa nikisema saba.

Umeniuliza tumeishi na nini. Sikutaka ujue. Tumeishi na kahawa, lakini si kwa kuiuza kwa chama cha ushirika. Nimeuza butura. Mwaka juzi kahawa ikiwa bado maua nilichukua fedha kwa Kagaruki, yule mwenye duka, na ilipoiva akaja kuvuna yake. Alinipa theluthi ya bei. Mwaka jana vilevile. Mwaka huu ameshaanza kuvuna, na ninayoiona mitini si yetu.

Liko baya zaidi. Alijua habari ya kodi, sijui kwa nani. Amesema nikimwachia ule upande wa barabarani, atalipa deni lote la miaka miwili na atanipa na fedha juu. Unajua upande wa barabarani ni upi. Ndipo alipolala baba. Nimemwambia anipe mpaka Desemba nifikiri. Nimeona aibu hata kuyaandika haya, kwa sababu kibanja ni chako pia, na nilikuwa nafikiri juu yake bila wewe.

Kazi ya vinanda vitatu bado ipo. Ni siku thelathini na sita. Nilikuwa nimekusudia kuwaambia mia mbili na hamsini. Kwa ishirini yako ni mia saba na ishirini. Siwezi kumtajia Mzee Rwegasira fedha hizo. Kweli siwezi. Mdomo hautafunguka.

Karugendo


Bukoba, 6 Agosti 1967

Mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Niliposoma habari ya Kagaruki nilikasirika, nikatoka nikatembea mpaka ufukweni na kurudi, na niliporudi hasira ilikuwa imekwisha. Hukufanya kitu ambacho hakijapata kufanywa katika nyumba yetu. Ndiyo maana nakuandikia jambo ambalo Mama aliniapisha nisikuambie.

Unakumbuka baba alipokwenda Buganda miezi minne, wewe ukiwa na miaka sita? Ulikaa njiani kila jioni ukimngoja akuletee kofia. Baba hakwenda Buganda.

Baba alikuwa fundi kama wewe. Hapakuwa na mtu Nshamba aliyejua kusimamisha nyumba ya msonge kama yeye. Alialikwa kila mahali, na kila mahali alilipwa mbuzi, rubisi, na shukrani nyingi. Kodi ya Mwingereza haikupokea mbuzi. Ilitaka sarafu, naye sarafu hakuwa nazo, kwa sababu hakuthubutu kumtajia sarafu mtu ambaye yeye mwenyewe alikwisha kula nyumbani kwake. Askari walimchukua asubuhi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Mama alinituma nimpelekee chakula. Nilimkuta barabara ya Bukoba, amekaa katika mstari wa watu, anaponda mawe. Aliinua uso akaniona. Aliniambia, "Mwambie Karugendo niko Buganda."

Nimefanya kazi ya kodi nikiwa na maneno hayo kifuani. Watu wanadhani niliomba dirisha lile kwa ajili ya mshahara. Niliomba kwa sababu nilitaka anayekuja pale akute mtu atakayemwamkia kwanza.

Sasa sikiliza. Ubaya si wewe kuwa na mdomo mzito. Ubaya ni pale unapotajia bei. Mtu akishatafuna akamwani ya nyumba amekuwa mgeni wao, na mgeni hatoi bei. Basi usiitaje ukiwa ndani. Iandike. Tuma barua kwa halmashauri ya parokia kabla hujafika. Andika vinanda vitatu, siku thelathini na sita, shilingi ishirini kila siku, ngozi na gundi na nauli na kodi vimo humohumo. Usiombe radhi hata mara moja katika barua hiyo. Wakikubali, ndipo uende ukatafune buni zao zote.

Wakisema hawana fedha, usiishushe ishirini. Punguza vinanda.

Dada yako,
Theopista


Nshamba, 17 Septemba 1967

Dada,

Shikamoo. Mama na wengine wazima.

Nilipoisoma ile ya baba nilikwenda nikakaa upande wa barabarani mpaka Celina akanifuata. Sikumwambia Mama kwamba najua. Nadhani ameona. Jioni aliniwekea chakula akanishika kichwa kama nilipokuwa mtoto.

Barua ya bei niliituma tarehe 20 Agosti. Niliiandika mara tano, kila mara "naomba mnisamehe" ikijipenyeza nami naikata. Mpaka leo hawajajibu. Mtu aliyetoka huko anasema iliposomwa katika baraza la parokia watu walicheka, wakadhani nimekosea tarakimu. Mzee Rwegasira alitoka nje.

Kagaruki amepita tena leo, akanisalimu vizuri sana.

Karugendo


Bukoba, 24 Septemba 1967

Mdogo wangu,

Nimepokea. Nami nimekosa usingizi, kwa kuwa kama umepoteza kazi hii, aliyekupotezea ni mimi. Nimehesabu upya leo baada ya Misa. Ni ishirini. Sina faraja nyingine ya kukupa, ila kwamba si uongo.

Usimpe Kagaruki jibu lolote. Kama ni lazima nitakopa.

Theopista


Nshamba, 19 Novemba 1967

Dada Theopista,

Shikamoo, shikamoo tena. Nyumbani tu wazima, Ephrasia amekuwa wa pili darasani. Weka kazi yako pembeni uisome hii bila haraka.

Tarehe 2 Oktoba Mzee Rwegasira alikuja mwenyewe hapa kwetu kwa miguu, mzee wa umri ule. Tukamkaribisha ndani, Celina akamletea akamwani. Akaichukua, akaishika mkononi, hakuitafuna. Akasema, "Nisikilizeni kabla sijala." Akasema siku ile alitoka barazani kwa aibu, na aibu haikuwa juu yangu. Alikuwa amekumbuka kwamba Pasaka alinihesabia yeye mwenyewe shilingi sitini na tatu, na sasa kila akisikiliza kinanda anaiona ile sitini na tatu mbele yake. Akasema parokia wana shilingi mia tano, hawana zaidi. Akaningoja.

Dada, nilikuwa na mia tano ile mdomoni mwangu. Ilikuwa rahisi sana kusema haya, mia tano kwa vyote vitatu. Nilimtazama Celina. Nikasema, "Mzee, kwa hizo nitawatengenezea viwili. Mia nne na themanini. Ishirini zibaki kwenu." Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema hiyo ni haki. Ndipo akatafuna.

Nimefanya viwili, siku ishirini na nne kama nilivyoandika. Na nimefanya kwa namna ambayo sijapata kufanya. Ngozi nilinunua nzuri, si vipande. Ulimi uliopasuka sikuuziba kwa risasi ya kuyeyusha, niliuagiza mpya. Sikuwa na haraka ya kukimbilia kazi nyingine. Sikujua, Dada, kwamba ile saba ilikuwa ikiingia hata katika mikono yangu.

Jumapili iliyopita walikuwa na Misa ya kigango. Nilikaa nyuma. Mpiga kinanda ni mama mmoja mwalimu, miguu yake haifiki vizuri, wamemwekea kiti cha chini. Alipoanza, watu hawakuimba. Walisimama tu, kanisa zima, midomo wazi, wanasikiliza. Ubeti wa kwanza ulipita wote bila mtu. Wa pili wakaingia kwa pamoja, wanaume chini, wanawake juu, na nilihisi ukuta nilioegemea unaimba. Nililia, nakuambia waziwazi. Nilifikiri, mtu mmoja aliyekufa zamani alichonga ndimi hizi, na mimi nimezipa pumzi, na sasa zinawabeba watu mia nne. Kitu kama hicho kinawezaje kuwa kazi ya mtu, akalipwa, akarudi nyumbani kula?

Baada ya Misa wakapitisha kapu kwa ajili ya kinanda cha tatu. Sikuwaomba. Wameniambia nianze Januari, kwa ishirini.

Kagaruki nimemjibu. Nimemwambia upande wa barabarani hauuzwi, wala maua ya kahawa yatakayokuja.

Ndugu yako,
Karugendo


Bukoba, 10 Desemba 1967

Mdogo wangu Karugendo,

Natumaini ulifika salama na hukulala Muleba. Msalimu Mama, msalimu Celina, na pongezi kwa Ephrasia. Jana mji mzima ulikuwa uwanjani kwa sikukuu ya Uhuru, ngoma, hotuba, watoto wa shule. Mimi nilikuwepo, ila mawazo yangu yalikuwa yamebaki siku ya Alhamisi.

Hukuniandikia kwamba unakuja. Niliinua macho nikakuona wa sita katika mstari, umevaa shati la Misa. Nilitaka kuinuka. Bwana mkubwa wangu alikuwa pembeni na watu walikuwa wengi, basi nikaendelea na yule wa kwanza, na wa pili, na kila nilipoandika nilijua umesogea hatua moja.

Sasa naweza kukuambia, kwa kuwa limefutwa. Mwezi wa tatu nilipewa orodha ya wanaodaiwa wa Ihangiro niinakili kwa wino. Jina lako lilikuwa la arobaini na mbili. Nililiandika kwa mkono wangu, vizuri kama mengine, nikaenda nyumbani nikakuandikia ile barua ya kwanza.

Ulipofika dirishani uliniamkia kama unavyomwamkia karani usiyemjua, nami nikakuitikia hivyohivyo. Nikakuuliza jina, kwa sababu lazima niulize. Ukasema Damian Karugendo, mtoto wa Buberwa, wa Nshamba. Nikauliza kazi. Ukasema fundi vinanda, na sauti yako ilikuwa imetulia. Ukaweka mia moja na themanini mezani, deni la miaka yote miwili, noti zimenyooshwa, ukanihesabia mwenyewe.

Stakabadhi nimeandika maelfu, na kalamu haijapata kunishinda. Alhamisi nilipofika kwenye jina la baba niliinua kalamu, nikaichovya tena katika wino, kisha nikaliandika herufi kwa herufi. Nilishangaa kwamba lilikaa vizuri vile katika karatasi ya serikali, na mbele yake neno "amelipa". Nikapiga muhuri nikakupa. Uliisoma yote, ukaikunja, ukaitia mfuko wa shati, ukatoka kwa mlango wa mbele peke yako, ukashuka ngazi, ukaenda zako kituo cha basi.

Nilikutazama mpaka ukapotea. Kisha nikamwita wa saba.

Dada yako,
Theopista